Gari la Watu Kumi na Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika kwenye karakana ya serikali hapa Arusha mjini nimevaa ovaroli mpya aliyonishonea mama, imenyooshwa pasi mpaka mikunjo inakata, na Mkuu wa Karakana akanitazama juu hadi chini kama mnunuzi aliyeamua kutonunua. Akanionyesha gari lililoinuliwa juu ya magogo. "Ingia chini, lala chali," akasema. Nikamuuliza nifanye nini huko. "Utazame," akasema, akaenda kunywa chai.

Basi nikatazama. Niliona chesisi, yaani ile mifupa miwili mirefu ya chuma inayobeba gari zima. Niliona ekseli zinazoshika magurudumu, na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Saa nane mchana alirudi akaniuliza nimeona nini, nami nikamtajia vyote kwa mbwembwe. Akasema kuna ufa mdogo karibu na springi ya nyuma, upande wa kushoto, na kwamba kesho nirudi chini mpaka niuone. Nilirudi siku nne. Siku ya tano niliuona, nikapiga kelele za furaha mpaka mafundi wengine wakadhani gari limeniangukia.

Ninawaandikia ninyi mafundi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari kabla hata ya kuliinamia. Sina ugomvi na kompyuta. Ila nataka mjue kazi hii ilivyokuwa ikifanywa, na kosa kubwa nililolifanya nikiwa tayari nina mvi, maana kosa hilo hakuna kompyuta ambayo ingenionyesha.

Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa misimamo, na msimamo wake mmoja niliubeba miaka mingi kama amri ya kanisani: gari lililorefushwa halifai porini. Magari ya watalii mnayoyaona mjini hapa, mengi yamekatwa chesisi katikati yakaongezwa kipande ili yabebe viti zaidi. Sasa gari la namna hiyo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yako mbali, na likivuka ukingo wa korongo tumbo linakaa chini, magurudumu yanabaki hewani yanazunguka bure. "Gari refu ni la barabara iliyochongwa," alikuwa akisema, na ungembishia ungepewa kazi ya kusafisha mitaro ya oili wiki nzima. Sikubisha.

Kutoka hapo nilihamishiwa kituo cha mifugo upande wa magharibi wa Mlima Meru, kutunza magari ya maofisa waliokuwa wakizunguka kuchanja ng'ombe. Mimi ni Mmeru wa upande wa mashariki wa mlima, na kule niliishi na Waarusha, nikala nao, nikaenda nao harusini na msibani, nikajifunza salamu na maneno ya Kimaa ya kunitosha. Nalitaja hili kwa aibu kidogo. Mtaona kwa nini.

Baadaye niliacha serikali nikaajiriwa na kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Bosi wangu huko alikuwa Meneja wa Misafara, mama wa Kichaga, mfupi, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Siku moja nilimweleza nguvu ya injini ya gari tulilotaka kununua, nikamweleza difu na kufuli yake, yaani kile kifaa kinacholazimisha magurudumu yote mawili ya ekseli kuzunguka pamoja gari linapozama matopeni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akachukua chaki, akachora sakafuni mraba mrefu, akachora viti ndani yake.

"Fundi, injini nimeisikia," akasema. "Sasa niambie nani anakaa wapi, anapandaje, anashukaje, na akibanwa na haja ndogo anamwamsha nani."

Tangu siku ile sijawahi kumchagulia mtu gari bila chaki. Nilipoacha kampuni nikafungua gereji yangu Sombetini, watu walinijua kwa hilo kuliko kwa kuchomelea. Mtu akitaka gari la kwenda porini na familia, alikuja kwangu na watu wake wote, nikachora gari sakafuni, wakakaa juu ya madebe na mabenchi kwa vipimo halisi, na mizigo yao na vyakula vyao. Wengine walicheka. Lakini wengi waliokuja wanataka gari dogo la kifahari waliondoka wanataka jingine, baada ya kubanana kwenye chaki nusu saa tu na mama mkwe na beseni la ndizi.

Hapo ndipo walipokuja Nashipai na Lomayani. Nashipai ni muuguzi, anaishi Levolosi. Lomayani mumewe ana duka la dawa za mifugo pale Kaloleni, na kila wiki huendesha pikapu kupeleka dawa vijijini, kwa hiyo barabara mbaya anazijua. Nashipai hajui kuendesha na wala hataki. Wana watoto wanane, sita wa kuwazaa na wawili wa marehemu kaka yake Nashipai.

"Shikamoo Baba Upendo," Nashipai akaniamkia.

"Marahaba mwanangu. Mko wangapi?"

"Kumi na mmoja. Sisi wawili, watoto wanane, na mama yangu. Na lazima tuwe gari moja, Baba. Moja tu."

Nikamwambia watu kumi na mmoja ni magari mawili, na kwamba pikapu moja ya kukodi ingemaliza kazi. Akatikisa kichwa. Mama yake, ambaye wajukuu wote humwita Koko, yaani bibi, ana dada mkubwa anayeishi mbali uwandani, ng'ambo ya Longido, mahali ambapo barabara inaisha na unafuata njia za ng'ombe na makorongo. Dada huyo macho yake yalikuwa yanafifia. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba anataka awaone watoto wa mdogo wake na wajukuu wote, wakiwa pamoja, wamesimama mbele yake, kabla giza halijamfunga kabisa. Na Koko mwenyewe alikuwa amevunjika nyonga miaka michache nyuma. Alishapona, lakini pikapu ilimtesa, na pikipiki hakuwa anapanda tena.

"Mama amesema akienda peke yake si kitu, na sisi tukienda bila yeye si kitu," Nashipai akasema. "Likizo ya shule inaanza wiki tatu zijazo. Baada ya hapo sijui kama atatuona au atatusikia sauti tu."

Nilijisikia mtu muhimu sana siku ile, nasema ukweli. Nikatoa chaki.

Chaguo langu lilikuwa rahisi. Nilimjua mtu aliyekuwa anauza mkonga. Hilo ndilo jina la mitaani la yale magari magumu yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, ili injini isinywe maji mtoni. Hili lilikuwa fupi, lenye nguvu, na nyuma lina mabenchi mawili marefu yanayotazamana. Mbele watakaa watu watatu, nyuma wanane, na mizigo juu ya paa. Mkuu wa Karakana angelipenda. Nyonga ya Koko niliifikiria pia, msidhani sikuifikiria. Mabenchi ya nyuma yako juu ya ekseli, mahali panaporusha kuliko pote, na mtu akikaa ubavu anayumba kila gari linapogonga shimo. Kwa hiyo Koko angekaa mbele, kando ya dereva, kiti cha heshima. Nikamshonea hadi mto wa sponji. Nikatengeneza na ngazi ndogo ya kupandia.

Jumamosi wakaja wote, watoto wamependeza, Koko amevaa lubega na shanga zake, anatembea kwa fimbo lakini kichwa kiko juu. Nilimwamkia kwa Kimaa, "Takwenya, Koko," akanijibu, "Iko," akatabasamu. Lomayani alikuwa tayari ameingia upande wa usukani anajaribu klachi. Watoto wakajazana nyuma wakishangilia. Nami, kwa madaha yote, nikafungua mlango wa mbele wa kushoto nikapiga mto wangu vumbi.

"Karibu Koko. Kiti chako hiki, karibu na dereva."

Koko alisimama palepale. Akavuta lubega likamfunika nusu ya uso. Nilipoinua macho, upande wa pili wa gari mlango ulikuwa wazi na Lomayani hayupo. Alikuwa ameshavuka uwanja, amesimama nyuma ya tangi la maji, ametupa mgongo.

Nikadhani ngazi ni fupi. Hebu fikirini ujinga huo. Nikaenda kuleta stuli. Niliporudi nayo Koko alikuwa anamwambia bintiye kwa sauti ya upole kabisa, "Gari ni zuri. Nendeni na watoto. Mimi nitabaki na ng'ombe."

Nashipai akaanza kulia, pale pale mbele ya watoto. Na ndipo nilipoelewa, nikasikia uso unaniwaka moto. Kwa Waarusha, mama mkwe na mume wa bintiye hawakai bega kwa bega. Hawali mmoja mbele ya mwenzake, wala hawatazamani usoni. Wana heshima kubwa, na heshima hiyo inakaa kwenye nafasi iliyo kati yao. Vijana wa mjini wameilegeza, lakini Koko hakuilegeza, na Lomayani, pamoja na duka lake na simu zake mbili, hakuthubutu kuilegeza kwa Koko. Mimi niliyeishi kwao, niliyekwenda harusini kwao, nilimwalika mama mzima akae siku nzima goti kwa goti na mkwewe, nikaita kiti cha heshima. Nilikuwa nimehesabu makalio nikasahau kuhesabu watu.

"Koko, nisamehe," nikamwambia. "Nimekosa mimi, gari halijakosa. Nipe siku chache."

"Usijisumbue, baba," akasema. "Miguu yangu ndiyo imezeeka."

Ile "usijisumbue" iliniuma kuliko tusi.

Nilirudi kwenye chaki. Mbele hakai. Nyuma kwenye mabenchi ya kutazamana, nyonga haitaki, na wote wanaingilia mlango mmoja wa nyuma, wanapitana magotini. Palipotulia kuliko pote katika gari lolote ni katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nilihitaji safu ya viti vinavyotazama mbele, katikati kabisa, yenye mlango wake wa ubavuni. Kadiri nilivyochora ndivyo gari lilivyorefuka, na nilipolipima nilijikuta nimechora kitu kilekile nilichofundishwa kukikataa ujana wangu wote.

Gari refu lenyewe lilikuwepo. Lilikuwa limesimama Levolosi limefunikwa turubai, gari la watalii lililostaafu, lina milango minne ubavuni na safu tatu za viti nyuma ya dereva. Nililijua, nililipita mara mia bila kuligeukia. Lomayani alipoliona alikuna kichwa.

"Mzee, hili si litakalia tumbo kwenye korongo?"

"Litakalia tukiliacha hivi," nikamwambia. "Hatuliachi hivi."

Lomayani akalinunua, nasi tukawa na wiki mbili. Niliingia chini nikalala chali kama siku ya kwanza ya maisha yangu, nikaikagua chesisi pale ilipoungwa, kiungo kwa kiungo. Aliyeichomelea alikuwa fundi wa kweli. Nilimshukuru bila kumjua. Niliweka springi mpya ndefu zikainua mwili wote, nikafunga shokapu nzito za kutuliza mrusho, nikaweka magurudumu makubwa zaidi. Chini ya tumbo nilifunga bamba la chuma lililokunjwa kama mtumbwi, ili gari likigusa ukingo liteleze badala ya kunasa. Ndani nikafunga viti vitatu kwa kila safu. Siti ya Koko niliiweka safu ya kwanza, nyuma tu ya mgongo wa dereva, dirishani, na nikaongeza urefu wa kiegemeo cha kichwa cha dereva mpaka kikawa ukuta mdogo.

Lomayani alikuja kulijaribu, akakaa, akashika usukani, akatazama kioo kidogo cha ndani.

"Mzee, hiki kioo kina kazi gani?"

"Kuona nyuma."

"Na hivi viwili vya nje?"

"Kuona nyuma."

"Basi hiki kitoke."

Nikakitoa. Madereva wa malori huendesha maisha yao yote bila hicho, na hawajafa.

Jaribio tulilifanya kwenye njia za magharibi ya mlima, kwenye korongo moja ambalo ofisa mifugo wangu wa zamani alilivunjia ekseli mbili. Nililijaza gari mifuko ya mchanga kufikia uzito wa watu kumi na mmoja. Lomayani akaweka gia ya nguvu, akafunga difu, akashuka taratibu. Magurudumu ya mbele yakapanda ukingo. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni, shavu karibu liguse vumbi, natazama tumbo. Likashuka, likashuka, likagusa. Nikasikia bamba linasaga jiwe, mlio mrefu mbaya. Halafu gari likateleza juu ya bamba, magurudumu ya nyuma yakauma udongo, likapanda upande wa pili kama mbuzi. Nilirukaruka. Mzee mzima, na ovaroli, nilirukaruka na kupiga makofi, na Lomayani alishuka akanikumbatia tukacheka kama wendawazimu. Mkuu wa Karakana alikuwa fundi bora kuliko wote niliowafahamu, na kwa hilo moja nilimshinda.

Siku ya safari Koko alifika uwanjani kwangu asubuhi. Lomayani alikuwa ameshakaa mbele, anatazama mbele. Sikumwambia Koko karibu. Nilifungua mlango wa ubavuni nikasogea. Aliikagua siti, akakiona kile kiegemeo kirefu, akaona mahali palipokuwa na kioo sasa pana matundu mawili ya skrubu. Akaniangalia. Akaninyooshea fimbo nimshikie, akashika mpini nilioufunga mlangoni, akapanda mwenyewe. Wajukuu wawili wakamfuata wakaketi kando yake, na Nashipai aliyekuwa mbele aligeuka akamwona mama yake ameketi, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Nilisimama barabarani mpaka gari likapotea, na siwafichi, nililia.

Walikaa kule siku tano. Siku ya sita, saa za mchana, gari likaingia uwanjani kwangu limekuwa jekundu kwa vumbi. Nikahesabu vichwa kwa mazoea yangu. Nikapata kumi na mbili. Nikahesabu tena.

"Nashipai, hili gari ni la kumi na mmoja!" nikafoka, na ubingwa wote ukanitoka. "Nani kaongezeka?"

Katikati, kando ya Koko, alikaa mama mwingine, mwembamba, mzee zaidi, mtoto mdogo kuliko wote amelala mapajani mwake. Nashipai alikuwa amemkagua macho dada mkubwa wa mama yake akaona ni mtoto wa jicho, ule utando unaoweza kuondolewa hospitali. Miaka yote mama yule aliamini ni uzee, na hata walipomwambia aje mjini alikataa. Safari hii alipapasa siti ya mdogo wake kwa mikono, akauliza nani anakaa mbele yake, akajibiwa ni mgongo wa mkwe na kiegemeo chake. Akasema, basi nami nitakaa hapo. Naye kwa Lomayani ni mama mkwe vilevile. Lomayani aliniambia aliendesha kutoka uwandani mpaka Arusha akisikia vikongwe wawili wanacheka nyuma ya shingo yake bila kugeuka hata mara moja, na kwamba katika maisha yake hajawahi kuendesha safari nzuri kama ile.

Gari hilo ndilo la mwisho nililomchagulia mtu. Nimekabidhi gereji kwa mikono mingine, nafuga kuku, nalima migomba yangu mlimani. Bado wananipigia simu. Wananiuliza gari gani lina nguvu, gari gani halizami, gari gani lipite kwenye maji. Nawajibu, lakini kwanza nawauliza wanaosafiri ni nani kwa nani. Mkwe ni yupi. Nani na nani hawaongei. Mama anakaa wapi na roho yake itulie. Mkishajua hayo, vijana wangu, chuma kitapatikana. Chuma hakijawahi kuwa kigumu kuliko watu.

Wiki kadhaa baada ya upasuaji, Koko alimleta dada yake kwangu. Yule mama alikuwa ametolewa bandeji macho yote mawili. Aliuliza gari liko wapi, akalizunguka, akaligusa bamba la tumboni. Kisha akaja akasimama mbele yangu, karibu sana, akanichunguza usoni mstari kwa mstari, mvi kwa mvi, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri muda mrefu.

"Ni huyu aliyetaka kukukalisha na mkwe?" akamuuliza mdogo wake.

"Ni huyu huyu," Koko akasema.

"Namwona," yule mama akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yake mapya. "Namwona vizuri kabisa."